Somo: Kuifunga skani ya leza kwenye koodinati, kwa tunaopima Dodoma

Wingu la pointi (nukta zote ambazo skana imezipima) likitoka saiti halijui kama liko Dodoma au Mbeya. Sifuri yake ni pale tripodi iliposimama. Hapa tunalifunga kwa CloudCompare, programu ya mawingu ya pointi, kisha tunalifungua QGIS, programu ya ramani. Mfano wetu ni godauni la mita 100 pale Kizota.

1. Shabaha, yaani alama za karatasi ambazo skana inaziona. Kihesabu tatu zinatosha, ila weka sita: nne za kufungia, mbili za kukagulia tu. Zisambae pembe zote, zisikae mstari mmoja. Kwa upepo wetu wa kiangazi, karatasi ya selotepu hupepea. Gundisha kwenye ubao, ubao upigilie misumari.

2. Koodinati. Pima katikati ya kila shabaha kwa totali stesheni (kipimo cha pembe na umbali), ukianzia bikoni, yaani nguzo za upimaji, zenye koodinati. Dodoma mjini gridi ya ramani ni UTM zoni 36 Kusini: namba ya mfumo (EPSG) ni 32736 kwa WGS 84, mfumo wa GPS, au 21036 kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa ramani zetu. Zoni inaishia longitudo 36, hivyo Kongwa na Mpwapwa ni zoni 37. Ukichanganya Arc na WGS jengo linahama mamia ya mita. Hilo angalau utaliona.

3. Punguza namba. Koodinati ya Kaskazini ya mjini ni kama 9,317,000. CloudCompare hutunza pointi kwa biti 32, na ukivuka 8,388,608 biti hizo hazibebi tena desimali: namba zinaruka mita nzima nzima, ukuta ulionyooka unageuka ngazi. Programu ikikuuliza kuhusu kuhamisha koodinati, kubali. Toa 800,000 Mashariki na 9,317,000 Kaskazini. Ukihifadhi kwa LAS, aina ya faili la wingu la pointi, itazirudisha yenyewe.

4. Oanisha. Fungua zana ya jozi za pointi, gusa katikati ya shabaha, ingiza koodinati yake. Kama kompenseta ya skana (inayoiweka wima) ilikuwa imewashwa, ruhusu mzunguko wa kuzunguka mhimili wa Z, ule wa wima, pekee. Skeli, yaani kukuza au kupunguza wingu, usiiguse kwanza.

5. Soma mabaki, yaani tofauti inayobaki kati ya shabaha kwenye wingu na koodinati uliyoingiza. Hapa ndipo watu hugombana. Shabaha za ncha zote mbili za godauni zitaonyesha sm 2 hadi 3, zikivutwa kuelekea katikati. Lawama zote kwa skana! Lakini Dodoma iko kilomita 300 hivi kutoka meridiani ya kati ya zoni (mstari wa katikati yake), longitudo 33, na huko pembeni gridi hurefusha umbali. Ukishatoa athari ya mwinuko wa mita 1,100 na ushee, inabaki takriban sm 5.5 kwa kila mita 100. Skana imepima ardhi, koodinati ni za gridi, na kila mmoja yuko sahihi kwake.

Mimi hutoa mafaili mawili. La michoro ya jengo halina skeli, maana fundi anakata bati kwa mita za kweli. La kuweka juu ya ramani ya viwanja lina skeli. Yape majina yanayojieleza, la sivyo mwezi ujao mtu atachora kwa lile la ramani.

6. QGIS. Kuanzia toleo 3.18 inasoma LAS na LAZ (LAS iliyobanwa). Taja mfumo wa koodinati mwenyewe, kisha kagua zile shabaha mbili.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, nikiweka tiki ya skeli si itajirekebisha?*
Itajirekebisha, na itameza makosa mengine humo humo. Ikitoka karibu na 1.0006, sawa. Ikitoka 1.003, kuna shabaha umeigusa vibaya au umebadilisha namba zake.

*Niko Manyoni. Hiyo sm 5.5 nami inanihusu?*
Hapana. Huko mko karibu zaidi na longitudo 33. Ni kama sm 1 kwa mita 100, tena kinyume chake, gridi inafupisha. Piga hesabu ya saiti yako.

*Mashariki na Kaskazini safi, ila urefu uko chini ya bikoni kwa mita kumi na kitu.*
Inaonekana ulipima kwa RTK (GPS ya usahihi wa sentimita): imekupa urefu wa juu ya elipsoidi, umbo la kihesabu la dunia, ila bikoni ina wa usawa wa bahari. Weka modeli ya jeoidi (inayogeuza urefu huo kuwa wa usawa wa bahari) kwenye kontrola, kifaa cha mkononi cha RTK, au funga upya Z kwa bikoni ileile.