Miguu kwanza, lenzi baadaye: kuchagua stendi ya darubini ukiwa Tanga

Nina studio ya picha Ngamiani, na kwa kuwa kona moja ya studio imejaa stendi za kamera, mtu akipata darubini hapa mjini hachelewi kuelekezwa kwangu. Wengi huja na aina ileile: darubini ya lenzi, mdomo (yaani upana wa lenzi ya mbele) milimita 70, urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hiyo hadi picha inapojikusanya) milimita 700, imeletwa na ndugu aliyekuwa safarini. Juzi amekuja kijana mwalimu wa fizikia.

“Shikamoo mama. Nadhani lenzi ya hii kitu ni mbovu. Mshtarii inacheza tu, haitulii.”

“Marahaba baba. Lenzi haina neno. Hebu shika huo mguu.”

Aliushika, akausukuma kidogo kwa kidole, na bomba lote likayumba. Hapo ndipo penye shida, na hesabu yake si ngumu. Ukitia lenzi ya jicho, ile ndogo ya kuchungulia, yenye fokasi ya milimita 10 kwenye darubini ya fokasi 700, unakuza mara 70. Mtikisiko nao unakuzwa mara hizohizo 70. Ncha moja ya bomba la sentimita 70 ikitulia na nyingine ikasogea milimita moja tu, umeshakosea shabaha kwa upana wa Mshtarii mara sita hadi kumi, kutegemea sayari iko mbali kiasi gani msimu huo. Milimita moja ni pumzi yako ukiinama kuchungulia.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka kununua: ukiwa na pesa ya kutosha darubini ya milimita 90 yenye miguu myembamba, au ya 70 yenye miguu ya maana, chukua ya 70. Ya 90 inakusanya mwanga zaidi, kweli, lakini bomba lake mara nyingi ni refu na zito zaidi, na urefu ndio unaoitesa stendi.

Dukani usisomewe maandishi ya boksi. Omba ifungwe yote, miguu ivutwe hadi kimo utakachotumia, ielekezwe kwenye kitu cha mbali chenye alama ndogo. Mnara wa simu unafaa sana, maana una nati na vyuma vya kutazama. Fanya hivyo asubuhi kabla bati halijapata moto, kwa sababu mchana hewa yenyewe inachezacheza ukadhani ni stendi. Na usiielekeze kwenye jua hata kwa utani, jicho halina spea. Sasa tia lenzi ya jicho ya milimita 10, chungulia, halafu gonga bomba kwa kidole na uhesabu taratibu. Picha ikitulia kabla hujamaliza kusema mbili, ni stendi nzuri sana. Tatu, utaishi nayo. Ikifika tano bado inacheza, mrudishie mwenyewe. Kisha shika mguu mmoja uusokote. Ukiona pale miguu inapoungana na kichwa, yaani sehemu inayoshika bomba, pamefungwa kipande cha plastiki, na kinanyumbuka, hiyo hakuna kukaza nati kutakakoiponya. Tazama pia uzito inaobeba: mimi nataka stendi iliyoandikwa kubeba walau mara mbili ya uzito wa bomba.

Sasa aina za stendi. Hapa ndipo watu wa pwani yetu wanapopotezwa na ushauri wa mbali.

Ipo stendi inayoitwa ya ikweta. Ina jiwe la kusawazisha na mhimili uliolala mshazari, na dukani inavutia kuliko zote kwa sababu inaonekana ya kitaalamu. Joseph Fraunhofer, fundi wa lenzi wa Ujerumani, aliiunda kwa ajili ya darubini kubwa ya Dorpat, iliyokamilika mwaka 1824. Mji huo leo ni Tartu, Estonia, nyuzi 58 kaskazini. Mhimili wake lazima uinuliwe kwa nyuzi sawa na latitudo ya mahali ulipo, uelekee ncha ambayo anga lote linaizunguka. Kule unainuka vizuri juu ya miguu. Tanga tuko nyuzi 5 kusini, Bagamoyo nyuzi 6 na nusu. Mhimili unalala karibu sambamba na ardhi, uzito wote unatoka nje ya katikati ya miguu, na fimbo ya lile jiwe inagonga miguu. Stendi nyingi za bei ya anayeanza hata hazishuki hadi hapo. Halafu uulenge wapi? Nyota ya kaskazini wanayolengea wenzetu iko chini ya upeo wetu, haionekani. Upande wa kusini kuna Sigma Octantis, nyota hafifu, nayo kwetu imekaa nyuzi tano tu juu ya upeo, ndani ya ukungu na mwanga wa mji. Kwa jina lake ungedhani stendi ya ikweta imetengenezewa sisi tunaokaa jirani na ikweta. Iache.

Chukua ile rahisi: inapanda na kushuka, inakwenda kushoto na kulia, basi. Wenyewe huiita altazimuthi. Lakini nayo ina aina mbili. Moja ina uma, bomba limekaa katikati ya mikono miwili na fimbo nyembamba ya chuma ubavuni. Nyingine ina mkono mmoja, bomba linaning’inia pembeni. Nunua ya mkono mmoja, na iwe na vitufe vya kuzungusha polepole pande zote mbili. Vitufe hivyo si pambo. Kwa ukuzaji wa mara 70 nyota inavuka duara lote la kuonea kwa kama dakika tatu, kwa hiyo utakuwa unaifuata muda wote, na kuisukuma kwa mkono ni kuanzisha mtikisiko upya.

Kwa nini si ya uma? Kwa sababu ya anga letu. London sayari inaweza kufika kileleni mwa njia yake ikiwa nyuzi 15 tu juu ya upeo. Kwetu Mwezi na sayari zikifika kileleni haziwi chini ya nyuzi 55, na mara nyingi ziko karibu na utosi kabisa. Bomba refu kwenye uma likielekezwa utosini linagonga miguu, au ile fimbo ya ubavuni inafika mwisho. Ukiwa dukani, elekeza bomba juu kabisa na ulizungushe duara zima. Likigota mahali, usiku litagota palepale unapotaka kutazama.

Na bomba likitazama juu, jicho linashuka chini. Kwa bomba la fokasi 700 lenzi ya jicho inakuja kama sentimita 35 hadi 40 chini ya kichwa cha stendi. Stendi fupi itakupigisha magoti. Mimi nataka kichwa kifike kama sentimita 130 bila kuvuta sehemu ya mwisho ya miguu, kwa sababu ile sehemu ya mwisho ndiyo nyembamba kuliko zote. Hapo nakaa kwenye mbuzi ya nazi, jicho liko sawasawa. (Kunja kwanza ulimi wa mbuzi. Sina haja ya kueleza.)

Wengi huniuliza kama stendi ya kamera inatosha. Ya picha za pasipoti, hapana. Stendi nzito ya video, ile tunayobeba harusini, inaweza kwa darubini fupi na nyepesi, ilimradi usiinue nguzo ya katikati. Tatizo lake ni skrubu moja ya robo inchi: bomba refu linajisokota juu yake hata ukaze vipi. Na ukitazama juu, mpini unakuchoma kifuani.

Kama stendi umeshapewa na huna pesa ya nyingine, usiitupe. Ikiwa miguu ni alumini yenye uwazi ndani, toa vifuniko vya chini na ujaze mchanga mkavu, kisha ziba kwa gundi. Mchanga unameza mtetemo. Uwe wa mto, si wa ufukweni Raskazone, maana chumvi itaila alumini kutokea ndani. Ning’iniza ndoo ya mchanga katikati ya miguu kwa kamba ya katani, ndoo ikaribie kugusa chini lakini isipepee. Msimu wa kusi, sogea nyuma ya ukuta. Na ukiwa uani penye mchanga, weka kipande cha tofali chini ya kila mguu.

Dawa ya kudumu ni fundi. Seremala mwenye mtiki wa Longuza, lile shamba la miti la Muheza, atakuchongea miguu mitatu ya mbao, na mbao hutuliza mtetemo kuliko bomba jembamba la alumini. Au uchimbie uani bomba la chuma la inchi nne, ulijaze zege, umwambie fundi wa kuchomelea aweke bamba juu lenye tundu la bolti ya kichwa cha stendi yako. Pima bolti hiyo kabla ya kwenda kwake, umpelekee na kichwa chenyewe.

Ukimaliza kutazama, futa chuma chote kwa kitambaa kikavu, usiache kichwa nje kikapigwa na umande wa bahari. Grisi kidogo kwenye meno ya vitufe, mafuta ya cherehani kwenye bolti. Nati za miguu zilegeze kabla ya kufunika, zisije zikagandana na kutu.