Apu yako inakufa kwenye simu za GB 2? Anza na picha kabla hujabadili lugha

Hili swali naulizwa sana hapa Dodoma, hasa na vijana wanaomaliza chuo na kuanza kutengeneza apu zao: lugha gani inakula RAM (memori ya kufanyia kazi) kidogo, Kotlin, Java, Dart au JavaScript? Lugha ina mchango wake na nitausema hapo chini, ila kwanza niwaambie kilichotupata sisi maana tulipoteza muda mwingi mno.

Tulikuwa Mpunguzi, hapahapa Dodoma, na apu ya kuandikisha mashamba ya zabibu, mkulima anajaza jina, ukubwa wa shamba, aina ya mche, halafu anapiga picha ya jani lenye ugonjwa. Mama mmoja akajaza taratibu kwa kidole kimoja, hakuruka hata swali moja, akabonyeza kamera, akapiga jani lake, akarudi kwenye fomu. Nyeupe. Akanigeuzia simu, "Mwanangu, mbona imefuta? Naanza tena?" Nikamwambia samahani mama, kosa ni letu, na kweli lilikuwa letu. Simu yake ni ya RAM GB 2, kamera ilipofunguka ikataka memori nyingi kwa mkupuo, Android ikatafuta nani yuko nyuma hatumiki kwa sasa, ikaiua apu yetu ili kamera ipate nafasi. Simu haikuwa mbovu, Android ndivyo inavyofanya kazi siku zote.

Tuliporudi mjini lawama zote tukaitupia Flutter, zana ya lugha ya Dart tuliyoitengenezea apu. Tukaandika upya kwa Kotlin, wiki tatu nzima, tukaenda na simu ya aina ileile, ikafa vilevile.

Mzigo ulikuwa picha, siyo lugha. Sasa piga hesabu na mimi. Picha ya megapikseli 12 ni pikseli 4000 kwa 3000, kwenye faili inaweza kuwa MB 3 au 4 tu kwa sababu JPEG imebanwa, lakini ukiifungua ili ionekane kwenye skrini kila pikseli inachukua baiti 4, kwa hiyo 4000 mara 3000 mara 4 unapata baiti milioni 48, yaani MB 48 kwa picha moja! Sisi tulikuwa na ukurasa unaoonyesha picha sita za shamba kwa pamoja, zote nzima nzima, kwenye viboksi vidogo kama stempu. Hapo hata uandike kwa lugha gani, hesabu ni hiyohiyo.

Dawa yake ni kuifungua picha ikiwa ndogo tangu mwanzo, siyo kuifungua nzima halafu ndo uipunguze. Kwenye Kotlin au Java weka inSampleSize (inapunguza kila upande wa picha mara ngapi) iwe 4, picha inakuwa 1000 kwa 750 na inashuka mpaka MB 3, au tumia maktaba za picha kama Coil au Glide ambazo zinapima zenyewe kulingana na kiboksi. Kwenye Flutter weka cacheWidth kwenye Image, na ukichukua picha kwa image_picker weka maxWidth. Tena Flutter ina stoo yake ya picha ambayo ukiiacha ilivyo inaruhusu mpaka MB 100, kwa simu ndogo ishushe kwa imageCache.maximumSizeBytes, mimi naweka MB 30 (yenyewe inataka uandike kwa baiti) na sijaona shida.

Kupima ni lazima, na pima kwenye simu ya mtumiaji wako wa hali ya chini kabisa, siyo yako uliyonunua kwa ajili ya kazi. Unganisha simu na leptop kwa waya, kwenye leptop tumia adb (chombo cha Android cha kuiamuru simu), andika adb shell dumpsys meminfo ikifuatiwa na jina la paketi yako, angalia mstari wa TOTAL PSS (jumla ya memori apu inayobeba), fungua ukurasa wenye picha, pima tena, toka, pima tena. Watu wengi wanaangalia Java Heap (memori ya vitu vya Kotlin na Java) peke yake wanaona mambo shwari, kumbe tangu Android 8 pikseli za picha zinakaa Native Heap (memori iliyo nje ya hapo), kwa hiyo angalia zote mbili pamoja na Graphics. Kama ni Flutter usipime ile ya debug (ya kutengenezea), inakuwa nzito kuliko atakayotumia mkulima, pima ya release.

Haya, lugha sasa. Kotlin na Java kwenye Android ni kitu kimoja kwa upande wa memori, zote zinaishia kwenye mashine ileile ya ART ambayo tayari imo ndani ya simu na apu zote zinagawana sehemu yake, kwa hiyo anayekwambia uhame Java ili upunguze RAM anakupotezea muda (hamia Kotlin kwa sababu nyingine, zipo nyingi na nzuri). Flutter inakuja na injini yake na React Native, zana ya wanaotumia JavaScript, inakuja na injini ya JavaScript, siku hizi ni Hermes, kwa hiyo hata apu tupu inaanza ikiwa imebeba mzigo. Kwa hiyo kama watumiaji wako wote ni Android za bei ndogo na unaijua Kotlin, tumia Kotlin. Kama lazima uwe na iPhone pia na mpo wawili tu, Flutter inatosha kabisa ila uwe mkali kwenye picha. C++ iache kwa kazi nzito kama kuchakata picha yenyewe, maana huko hakuna mzoa taka (garbage collector, anayerudisha memori isiyotumika tena), ulichochukua usipokirudisha kimeenda.

Na hata penye mzoa taka memori inavuja. Yeye anabeba kile tu ambacho hakuna anayekishika, sasa ukiweka Activity (ukurasa wa apu) ndani ya companion object (inayobaki muda wote apu iko hai), au ukaanza kusikiliza GPS ukasahau kuzima, ukurasa mzima unabaki ndani hata mtu akishatoka. Weka LeakCanary kwenye Android itakuonyesha nani ameshika nini, na kwenye Dart hakikisha kila StreamSubscription ina cancel yake na kila controller ina dispose.

La mwisho ndilo lililomuumiza yule mama. Hata ukibana memori namna gani kuna siku apu itauliwa tu, kwa hiyo kila mtu akimaliza kujaza kisanduku kimoja kihifadhi hapohapo kwenye database ya simu kama rasimu, usisubiri abonyeze Tuma. Kwenye Flutter pia ita retrieveLostData ya image_picker apu inapowaka, hiyo ndiyo inarudisha picha iliyopigwa wakati apu imekufa. Halafu jaribu mwenyewe: jaza fomu nusu, bonyeza kitufe cha nyumbani, kwenye leptop andika adb shell am kill na jina la paketi, fungua apu kupitia orodha ya zilizotumika karibuni. Kama jina na ukubwa wa shamba bado vipo, ipeleke Mpunguzi.