Kurejesha Gurudumu la Mbele la Pikipiki Bila ya Msaidizi

Anayekaa mbali na mafundi wa Chake Chake au Wete kisiwani Pemba, gurudumu la mbele likishatolewa kwa ajili ya pancha au beringi, aghalabu humsubiri mtu wa pili ili lirudishwe. Kazi hii haitaki nguvu ya watu wawili. Inataka gurudumu likae kwenye kimo chake kabla ya mkono kushika ekseli.

Egesha pikipiki kwa stendi kubwa juu ya sakafu ya saruji, kisha weka gogo au matofali chini ya injini, ukiliepuka bomba la moshi, mpaka shokapu za mbele zining'inie. Pikipiki ikielemea mbele, funga gunia la mchanga kwenye kiti cha nyuma. Usukani nao ufunge kwa ufunguo usije ukageuka.

Hewa ya bahari hula chuma upesi, kwa hiyo ekseli isuguliwe kwa msasa laini mpaka ipite kwenye beringi bila ya kulazimishwa, kisha ipakwe grisi kidogo. Bushi za pembeni pia zipakwe, kwani grisi ndiyo itakayozishika zisidondoke wakati mikono yako yote miwili ina kazi. Isifike kabisa kwenye breki shuu wala diski.

Keti ukiielekea pikipiki, gurudumu likiwa kati ya shokapu na mshale wa tairi ukifuata mwendo wa kwenda mbele. Pitisha ubao chini ya tairi, uuwekee kipande cha tofali chini yake, na ncha iliyo upande wako uikanyage taratibu, tairi ipande. Chungulia kwenye tundu la shokapu: ukiuona mwanga wa upande wa pili bila ya kukatwa na ukingo wa bushi, ekseli itapita kwa mkono. Ikikwama, usiigonge kwa nyundo ya chuma ukaharibu meno yake. Punguza au ongeza mguu kidogo.

Kwa breki ya ngoma, hapa ndipo pa kutulia. Sahani inayobeba breki shuu ina mfereji unaopaswa kuingiwa na ukucha wa chuma uliotokeza kwenye shokapu. Usipoingia, siku utakapokaza breki kwenye mteremko, na Pemba miteremko haikosekani, sahani yote itazunguka pamoja na gurudumu, waya utakatika na gurudumu linaweza kuganda ghafla. Upapase ukucha huo kwa kidole hata kama macho yameridhika. Gia ya spidi nayo ikae kwenye mapengo yake ya kitovu. Mwenye breki ya diski asiiminye breki hata mara moja gurudumu likiwa nje, na wakati wa kulirejesha aongoze diski katikati ya pedi.

Funga nati kwa mkono, unganisha waya wa breki ya ngoma, ondoa matofali, teremsha pikipiki, kamata breki ya mbele na uibonyeze pikipiki mara kadhaa ili shokapu zijipange. Ndipo ukaze nati kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki, na pini ya kuizuia, kama ipo, iwe mpya. Rekebisha waya wa breki ya ngoma, ukiacha mkono wa breki ucheze milimita 10 hadi 20 kabla ya kushika. Mwenye breki ya diski aiminye mpaka mkono wa breki uwe mgumu. Inua tena, zungusha gurudumu, kamata breki, na baada ya safari fupi ya mwanzo irudie nati kwa spana.