Mtoto Mgonjwa Sana Yuko Nyumbani: Jinsi Majirani Wanavyoweza Kumhudumia Pamoja na Familia Yake

Tiba shufaa ni huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na taabu nyingine za ugonjwa mzito, na kuisaidia familia inayomuuguza. Kwa mtoto huanza ugonjwa unapogunduliwa na huenda sambamba na matibabu mengine, kwa hiyo kuambiwa mtoto ataanza tiba shufaa si kuambiwa kwamba madaktari wamemwacha. Watoto wenye saratani wanaotibiwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, hurudi nyumbani kati ya tiba moja na nyingine, na huko, katika chumba cha kupanga Mbagala au Tandale, karibu kazi yote humwangukia mama.

Kabla ya lolote, muulizeni mama anataka nini na nani ajue ugonjwa wa mwanawe. Akisema jina la ugonjwa lisitajwe, lisitajwe. Kisha mpate mratibu mmoja na watu watano hadi wanane wa kuaminika, na mumshirikishe mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wenu. Kila kazi iwe na jina la mtu na siku yake: nani anachota maji, nani anafua mashuka, nani anawapeleka wadogo wa mgonjwa shule, nani analala pale Ijumaa ili mama apate usingizi. Maneno "ukihitaji chochote utaniita" hayasaidii, kwa sababu mama aliyechoka haiti mtu.

Fedha zikusanywe kwenye namba moja ya simu, na mwenye namba aonyeshe hesabu kila wiki. Mtaa wa Dar hauna ubahili msiba unapotokea. Mkono ule ule unahitajika sasa, mtoto akiwa hai na bajaji ya kliniki haijalipwa. Mtoto mwenye maumivu ya mifupa hawezi kusukumana kwenye daladala, kwa hiyo nauli ndiyo iwe ya kwanza kwenye bajeti. Familia isiyomudu gharama imwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali ikiwa na barua ya serikali ya mtaa. Barua hiyo jirani anaweza kuifuatilia, ili mama asiache mgonjwa.

Maumivu

Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Mtoto mdogo hasemi "naumwa". Hununa, hukunja uso, hukakamaa miguu, hukataa kucheza, hulia na habembelezeki. Wengine hunyamaza kabisa, na ukimya huo watu huuita utulivu. Mtoto wa miaka minne na kuendelea anaweza kuonyesha kwa kidole kwenye picha za nyuso, kuanzia inayocheka hadi inayolia. Andikeni daftarini saa, kiwango cha maumivu na dawa aliyopewa. Daftari hilo ndilo daktari atalitumia kubadili dozi.

Dawa kuu ya maumivu makali ni mofini ya maji, inayotolewa na hospitali kwa dozi ya uzito wa mtoto. Kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa nne, na saa zetu zinarahisisha: kumi na mbili, nne, nane, mchana hata usiku. Asisubiriwe alie kwanza, maana maumivu yaliyokwisha kupanda hutulizwa kwa shida zaidi. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na ncha mlilopewa, kamwe si kwa kijiko cha chai, kwa kuwa vijiko vya nyumbani havilingani. Kila mkipewa chupa mpya someni lebo, kwani nguvu ya dawa inaweza kuwa tofauti na ya chupa iliyopita.

Mofini karibu kila mara huleta choo kigumu, kwa hiyo ombeni dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo. Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida. Lakini mtoto asipoamshika vizuri, au akipumua taratibu mno, msimpe dozi inayofuata. Pigeni simu kwa wauguzi wa tiba shufaa na mumkimbize hospitali. Dawa isikatishwe ghafla kwa sababu jirani amesema italeta uteja: ikitumika kwa maumivu kama alivyoelekeza daktari haimgeuzi mtoto teja, na ikikatishwa ghafla maumivu hurudi pamoja na jasho na kutapika. Chupa ikae kabatini penye kufuli, mbali na watoto wengine.

Mwili wake

Mtoto asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili. Tandikeni khanga iliyokunjwa chini yake, watu wawili wamwinue kwa khanga hiyo bila kumburuta. Kuburuta huchubua ngozi. Joto la Januari hadi Machi hulowesha godoro lenye mpira, basi wekeni shuka la pamba juu yake na libadilishwe likilowa. Kinywa chenye vidonda kisafishwe baada ya kila mlo kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kikombe. Chakula kiwe kidogo na cha mara kwa mara: vijiko vitatu vya uji anavyovitaka vinatosha kuliko bakuli la kulazimishwa.

Mtoto aliye kwenye dawa za saratani akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, nendeni hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Kinga yake iko chini na maambukizi huenda haraka.

Azungumzwe naye ukweli kwa kiasi anachouliza. Watoto hujua mambo wanayofichwa, na wadogo zake mara nyingi hudhani wamesababisha ugonjwa. Waambieni wazi kwamba si wao.

Siku za mwisho

Mtoto hulala zaidi, mikono hupoa, pumzi husimama kidogo kisha huendelea. Msimlazimishe maji, yanaweza kumpalia. Lowesheni midomo kwa pamba. Dawa ya maumivu iendelee, na wauguzi wa tiba shufaa wajulishwe kwa simu.

Baada ya mazishi rudisheni hospitali mofini iliyobaki. Zamu za kupika na kulala kwa mama ziendelee hata baada ya arobaini, kwa sababu wageni wakishaondoka ndipo nyumba huwa tupu, na ndugu za mtoto bado wana shule Jumatatu.