Kumtafutia mtoto shule ya msingi ya serikali Bagamoyo

Jamani usikimbilie shule eti kwa sababu ina geti jipya. Kwanza ingia tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani), fungua matokeo ya darasa la saba, chagua Pwani halafu Bagamoyo (Chalinze ina halmashauri yake yenyewe, usichanganye), utaona shule zote na wastani wake wa alama kati ya 300, ila wastani peke yake unadanganya bwana, shule yenye watahiniwa 20 si sawa na ya 150, kwa hiyo hesabu wangapi wamepata A mpaka C na wangapi wameangukia D na E, alafu rudi nyuma miaka mitatu uone kama inapanda au ilibahatisha tu. Siku hizi hawatangazi shule kumi bora kwahiyo kazi ni yako.

Kisha nenda pale asubuhi, chungulia darasa la kwanza: dawati moja wamebanana wangapi? Mi hilo naliangalia kuliko rangi ya ukuta.

Uandikishaji usingoje Januari, wahi Oktoba na cheti cha kuzaliwa. Ada hakuna, ila sare na madaftari ni juu yako, na michango uliza mapema.