Jinsi ya kuzunguka makumbusho ya vita vya Mjerumani, kuanzia Lugalo mpaka Songea

Watu wengi wakifika Iringa wanaulizia kitu kimoja tu, fuvu la Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, liko wapi. Wanachukua bodaboda mpaka makumbusho ya Kalenga, robo saa wameshamaliza, picha mbili pale nje halafu huyo, stendi. Mimi mara ya kwanza nilifanya hivyo hivyo na nikatoka pale sijaelewa kitu, nimeona fuvu kwenye kioo basi. Mwaka uliofuata nikarudi na binamu yangu tukaanza kule mambo yalikoanzia, ikawa habari nyingine kabisa. Kwa hiyo nakuomba sana, usianze na fuvu. Anza Lugalo.

Lugalo iko barabara kuu ya kwenda Morogoro. Panda kosta ya Ilula asubuhi, mwambie konda mapema kabisa kwamba unashuka Lugalo kwenye mnara, maana ukizubaa unapitilizwa halafu utarudi kwa miguu juani. Ukifika unaweza kusema ndo hiki tu? Ni mnara, haukuchukui dakika mbili kuuangalia, na ujue kabisa kwamba ule mnara walijenga Wajerumani kwa ajili ya watu wao waliofia pale, sio Wahehe walioshinda. Hilo likae kichwani maana utakutana nalo tena mbele.

Sasa upe mgongo mnara uangalie mazingira, hapo ndipo penyewe. Tarehe 17 Agosti 1891 kamanda wa Wajerumani Emil von Zelewski, watu walimuita Nyundo, alipita maeneo haya na kikosi chake kwenye mstari mrefu, mtu nyuma ya mtu, silaha nzito zimefungwa juu ya punda. Wahehe kama elfu tatu walikuwa wamejificha kwenye mawe na vichaka, wengi wana mikuki tu, wakaachia mstari uingie mpaka katikati ndo wakatoka. Ndani ya dakika chache Zelewski amekufa, Wajerumani 10 wamekufa, na askari zaidi ya 200, wengi wao Wasudani na Wazulu waliokodiwa huko mbali. Ukisoma unajiuliza mkuki unaishindaje bunduki. Fanya tulichofanya sisi: binamu alijificha nyuma ya jiwe, hatua kama thelathini hivi, mimi nikawa napita na begi mgongoni nikijua kabisa yuko pale, na bado alivyokurupuka alinishika bega sijamaliza hata kutoa mkono mmoja kwenye mkanda wa begi. Mtu mwenye mzinga juu ya punda angefanya nini? Pale pale nilielewa kitu ambacho shuleni nilikikariri tu kwa ajili ya mtihani.

Kalenga nenda mchana au kesho yake, iko upande mwingine wa mji, sio mbali, bodaboda au bajaji zinafika, patana bei ya kwenda na kurudi kabisa. Chukua hela taslimu na kitambulisho, maana kiingilio cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni wa nje na mwanafunzi naye ana bei yake. Ukikuta wazee wasalimie kamwene, wanafurahi sana na mara nyingi ndo mazungumzo yanaanzia hapo. Picha omba kwanza, hasa ndani, usitoe simu tu, kwa familia ya Mkwawa lile fuvu sio kitu cha maonyesho, ni babu yao.

Kabla hujaingia ndani mwambie mhifadhi akuonyeshe ngome ya Mkwawa ilikuwa wapi na Wajerumani walipigia mizinga kutokea wapi. Usitegemee kukuta ukuta umesimama, hii ngome ilivunjwa tarehe 30 Oktoba 1894, gavana von Schele alikuja na jeshi kubwa kulipiza ya Lugalo. Utaonyeshwa upande wa Tosamaganga, wenyeji wanasema jina lenyewe maana yake ni kutupa mawe, yaani makombora yalivyokuwa yanaruka kuja huku watu waliona kama mtu anarusha mawe. Ukisimama ukaangalia umbali ule utaona Mtwa Mkwawa (mtwa ni chifu kwa Kihehe) alikuwa na tatizo gani: Lugalo alichagua yeye uwanja, hapa uwanja kachaguliwa, yeye yuko ndani ya ukuta na adui hamsogelei.

Ngome ilianguka lakini yeye hawakumpata, akakaa porini miaka karibu minne anapigana kwa kuvizia, mpaka Julai 1898 akajipiga risasi Mlambalasi ili asikamatwe akiwa hai. Kichwa kikakatwa kikapelekwa Ujerumani. Sasa ukisimama mbele ya kile kioo, ndo uyajue haya: mkataba wa Versailles wa 1919, mkataba ule ule uliomaliza vita kuu ya kwanza na kugawa nchi za watu, kuna kifungu namba 246 kinaidai Ujerumani fuvu la Mkwawa lirudishwe ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa zaidi ya miaka thelathini. Twining, gavana wa Mwingereza hapa Tanganyika, alienda mwenyewe mpaka jumba la makumbusho la Bremen, akakuta mafuvu mengi, wakayachambua kwa kulinganisha na vipimo vya vichwa vya ndugu zake walio hai, na Juni 1954 likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, yule ambaye baadae alikuja kuwa spika wa bunge letu. Wapo wanaohoji kama ndilo lenyewe. Muulize mhifadhi bila woga, ila uliza kwa adabu, na msikilize mpaka mwisho. Mimi kilichonikaa ni yale mafuvu mengine yaliyobaki kwenye rafu, nayo yalikuwa ya watu.

Mlambalasi kwenyewe ni mbali kidogo, njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha, kama mko wanne watano kodini Noah mchangiane, bebeni maji na kofia. Kuna kaburi la kiwiliwili chake. Kama muda hautoshi unaweza kuacha, lakini Lugalo usiache.

Mjini malizia na Boma la Iringa, makumbusho ya mkoa, jengo la Wajerumani la miaka ya 1900 hivi, limefunguliwa kama makumbusho 2016. Nasema malizia kwa sababu ukianza nalo utaona jengo zuri la zamani tu, ila ukitoka Kalenga ukaingia mle unajua lilijengwa na nani baada ya nini. Muulizie na Mpangile, mdogo wake Mkwawa, Wajerumani walimuweka awe mtawala halafu baada ya muda mfupi sana wakamnyonga wenyewe.

Songea ni safari ya siku nzima, basi linapitia Makambako na Njombe, beba sweta maana Njombe haina utani hasa Juni na Julai. Makumbusho ya Maji Maji yako mjini, bodaboda yoyote anapajua. Hapa vita ni nyingine, imeanzia mbali kule Umatumbi Julai 1905 na dawa ya mganga Kinjikitile, maji ya kugeuza risasi, Wangoni waliipokea baadae. Ndani kuna silaha na picha, pitia, ila muda wako mwingi uweke nje kwenye makaburi. Tarehe 27 Februari 1906 walinyongwa hapa watu zaidi ya 60, machifu na manduna (wakuu walio chini ya chifu) na wapiganaji, akiwemo Nkosi, yaani chifu, Mputa Gama, wakazikwa kaburi moja. Nduna Songea Mbano alinyongwa siku chache baadae na ana kaburi lake peke yake, mji umebeba jina lake, na kichwa chake inaaminika nacho kilipelekwa Ujerumani, hakijarudi mpaka leo. Mwaka 2023, tarehe 1 Novemba, rais wa Ujerumani Steinmeier alikuja hapa hapa akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa Songea.

Ukiweza panga ufike kwenye kumbukumbu ya kila mwaka, 27 Februari, kuna ngoma za Kingoni na ukoo unakuja. Ila gesti zinajaa, piga simu wiki mbili kabla, na ni kipindi cha mvua. Ukienda siku ya kawaida nenda asubuhi pakiwa kimya, uliza kaburi la Songea liko lipi, na ukikuta mzee wa ukoo amekaa pale usimpite, kaa naye.