Kuchagua Mafuta ya Kupuliza kwa Nyumba na Gari la Pwani

Hapa Malindi, upepo wa bahari hubeba chumvi inayotua juu ya bawaba, kufuli na vyuma vya chini ya gari, na kwa kuwa chumvi huvuta unyevu, kutu haingoji masika. Mteja anapoingia dukani kutafuta dawa, mara nyingi hutaja WD-40, jina analolijua, kisha mkebe huo mmoja akautumia kwa kila kitu. Mafuta hayo yaliundwa San Diego, Marekani, mwaka 1953 ili kufukuza maji na kuzuia kutu, na kazi hiyo huifanya vizuri. Hata hivyo, utando yanaouacha ni mwepesi, kwa hiyo bawaba ya geti zito hairidhiki nao kwa muda mrefu. Bawaba kama hiyo, pamoja na za milango ya gari, hutaka grisi nyeupe ya lithiamu ya kupuliza, baada ya uchafu wa zamani kufutwa kwa kitambaa.

Bolti iliyoshikwa na kutu huhitaji mafuta ya kupenya. Sugua magamba ya kutu kwa brashi ya waya, puliza pale hesi zinapoingia kwenye nati, kisha uache kwa robo saa au, kutu ikiwa imekomaa, usiku kucha. Ndipo utie spana na kuizungusha kidogo kidogo mbele na nyuma. Haraka ndiyo hukata bolti, si ubovu wa mafuta. Ikiwa ni ya bomba la moshi, hakikisha bomba limepoa kabisa.

Kufuli na vitasa ndivyo vinavyokosewa zaidi, hasa katika nyumba zilizo karibu na ufuo. Mafuta ya majimaji hulainisha ufunguo siku hiyo, lakini hunasa mchanga na vumbi mpaka ndani kukajaa tope jeusi. Afadhali kilainishi kikavu cha grafiti au cha tefloni, na usikichanganye na mafuta.

Mipira ya milango ya gari na reli za plastiki za madirisha zinafaa kupakwa mafuta ya silikoni ya kupuliza. Ipulize kwenye kitambaa, kisha upake, kwa sababu ikidondoka sakafuni huteleza vibaya, na ikigusa bodi inayongoja kupakwa rangi, rangi haitashika. Diski na pedi za breki, mikanda ya injini na pedali zisiguswe na kilainishi chochote kati ya hivi.

Kama fedha inatosha mikebe miwili tu, ningenunua mafuta ya kupenya na silikoni.

Gesi inayosukuma mafuta hayo kwa kawaida hushika moto, kwa hiyo usipulize karibu na jiko linalowaka, wala usiache mkebe ndani ya gari lililofungwa juani. Mikebe mingi huandikwa kwamba isiwekwe penye joto linalozidi nyuzi 50 za Selsiasi. Mkebe uliokwisha usiutoboe wala kuuchoma pamoja na taka.